Tuzo za Soka la England na Wapiga Kura Wake

Ligi ya soka ya England ilianza mwaka 1888 ikiwa na klabu 12, na kwa miaka 60 hapakuwa na tuzo ya msimu ya kumtambua mchezaji mmoja mmoja. Medali zilikuwa za timu bingwa. Hata mshahara ulikuwa na kikomo: mwaka 1901 chama cha soka, FA, kilikataza kumlipa mchezaji zaidi ya pauni 4 kwa wiki, na kikomo hicho kilipofutwa Januari 1961 kilikuwa kimefika pauni 20 tu. Winga aliyejaza viwanja kila Jumamosi aliweza kulipwa sawa na beki ambaye hakuna aliyemjua nje ya mtaa wake. Kitu ambacho hakikuwekewa kikomo ni sifa, na sifa zilikuwa mali ya magazeti.

Si ajabu basi kwamba tuzo ya kwanza ilitoka kwa waandishi. Chama chao, FWA, kiliundwa mwaka 1947. Wazo la kumchagua Mchezaji Bora wa Mwaka lilitolewa na Charles Buchan, mshambuliaji wa zamani wa Sunderland na Arsenal aliyegeukia kalamu. Mwaka 1948 kura zilimwangukia Stanley Matthews wa Blackpool. Sharti la tuzo halikuwa ufundi peke yake. Mshindi alitakiwa awe mfano kwa wenzake, kwa kauli na kwa vitendo. Ndiyo sababu wanne waliomfuata Matthews, yaani Johnny Carey, Joe Mercer, Harry Johnston na Billy Wright, wote walikuwa manahodha wa timu zao. Matthews mwenyewe alirudi kuichukua mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 48, baada ya kuisaidia Stoke City kupanda kutoka daraja la pili. Kura hiyo ilikuwa na heshima ya mzee ndani yake kuliko hesabu za msimu.

Waandishi walipenda pia kisa, na hawakupata kisa kikubwa kuliko cha mwaka 1956. Bert Trautmann, kipa wa Manchester City, alikuwa askari wa miamvuli wa Ujerumani aliyeletwa England kama mfungwa wa vita. City ilipomsajili mwaka 1949, maelfu ya watu waliandamana kumkataa. Miaka saba baadaye akawa kipa wa kwanza kupewa tuzo hiyo, na mshindi wa kwanza kutoka nje ya Uingereza na Ireland. Siku chache baadaye, kwenye fainali ya Kombe la FA dhidi ya Birmingham City, aliruka miguuni mwa mshambuliaji Peter Murphy na kugongwa shingoni, zikiwa zimebaki dakika kama 17. Wakati huo kubadilisha mchezaji hakukuruhusiwa, kwa hiyo akaendelea kudaka huku akiyumba, na City ikashinda 3-1. Picha za eksirei zilizopigwa baadaye zilionyesha kuwa shingo ilikuwa imevunjika.

Wachezaji wenyewe walichelewa kupiga kura. Chama chao, PFA, kilianza mwaka 1907 na kwa miongo kadhaa kilikuwa na vita vya mishahara na uhamisho. Tuzo zilikuja mwaka 1974, vita hivyo vilipokuwa vimepoa. Mshindi wa kwanza alikuwa Norman Hunter, beki wa Leeds United ambaye washambuliaji walimwogopa kwa jinsi alivyoingia miguuni. Mwaka huohuo waandishi walimchagua Ian Callaghan wa Liverpool, muungwana asiye na neno na mtu. Aliyetazama mechi akiwa jukwaani na aliyetoka uwanjani na michubuko hawakuona kitu kimoja.

Udhaifu wa kura ya wachezaji ulikuwa kalenda. Karatasi zilijazwa miezi kadhaa kabla ligi haijamalizika ili sherehe ifanyike London msimu ukiwa bado unaendelea. Mwaka 1999 Manchester United ilitwaa ligi, Kombe la FA na Ligi ya Mabingwa, lakini PFA na waandishi wote wawili walikuwa wameshampa tuzo David Ginola wa Tottenham, timu iliyomaliza ya 11. Ligi Kuu, iliyoanza kutoa tuzo yake ya mchezaji msimu wa 1994/95 kwa Alan Shearer, ilisubiri mwisho na kumchagua Dwight Yorke wa United.

Kwa makocha, tuzo ya mwaka ilianza miaka ya 1960, na baadaye ikadhaminiwa na kampuni ya wiski ya Bell's. Bob Paisley wa Liverpool aliichukua mara sita. Hata hivyo mwaka 1974 ilikwenda kwa Jack Charlton, aliyekuwa ameipandisha Middlesbrough kutoka daraja la pili. Chama cha makocha, LMA, kilipoanza kupiga kura yake mwaka 1993, kilikwenda mbali zaidi katika njia hiyo: kilimchagua Dave Bassett, ambaye Sheffield United yake ilimaliza ya 14. Kocha anajua mwenzake amepewa fedha kiasi gani na kikosi cha namna gani. Ligi Kuu kwa kawaida humtuza bingwa, na Alex Ferguson alipewa tuzo yake mara 11; lakini nayo ilimpa George Burley mwaka 2001 kwa kuifikisha Ipswich nafasi ya tano ikiwa ndiyo kwanza imepanda, na Tony Pulis mwaka 2014 kwa kuinusuru Crystal Palace.

Wanawake waliingia kwenye kura ya PFA mwaka 2013, mshindi wa kwanza akiwa Kim Little wa Arsenal. Waandishi walifuata mwaka 2018 kwa kumchagua Fran Kirby wa Chelsea.

Kasoro ya kalenda imerekebishwa karibuni: tangu 2023 sherehe ya PFA hufanyika Agosti, baada ya msimu kufungwa. Mohamed Salah, aliyeipa Liverpool mabao 29 na pasi 18 za mabao katika msimu wa ubingwa wa 2024/25, alishinda kura za waandishi, za wachezaji na za Ligi Kuu, na kuwa mwanamume wa kwanza kuchaguliwa na wachezaji wenzake mara tatu.