Ua la tarumbeta: Rahisi kukuza, hatari kuliwa

KATIKA bustani nyingi za Lavington, Kileleshwa na Karen, jijini Nairobi, hupatikana mmea mrefu wenye maua yanayoning'inia mfano wa tarumbeta. Maua hayo huwa meupe, ya manjano au ya waridi, na hunukia zaidi giza linapoingia.

Mmea huu, ambao wataalamu huuita Brugmansia, asili yake ni Amerika Kusini na hufikia urefu wa mita 2 hadi 5. Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huufaa kwa kuwa haina theluji wala joto kali.

Namna ya kupanda

Kata kipande cha tawi lililokomaa, chenye urefu wa sentimita 20 hadi 30. Kifukie nusu yake katika udongo wenye unyevu, mahali penye kivuli. Mizizi huchipuka baada ya wiki chache.

Mche uhamishwe mvua zinapoanza, mwezi Machi au Oktoba. Udongo mwekundu wa magharibi mwa jiji huufaa mno ukichanganywa na mbolea ya samadi. Wakazi wa nyumba za ghorofa wanaweza kutumia chungu kikubwa chenye matundu chini.

Chagua mahali penye jua la asubuhi pasipo na upepo mkali. Majani yake mapana hupoteza maji mengi, hivyo umwagiliwe mara kwa mara wakati wa kiangazi. Utitiri ukishambulia majani, nyunyiza maji ya sabuni upande wa chini.

Tahadhari

Hata hivyo, ugumu hauko katika kuukuza, bali katika kuuchagulia mahali. Sehemu zake zote zina sumu, kama ilivyo kwa mnanaha, ambao ni jamaa yake.

Anayeula hukauka kinywa, mboni za macho hupanuka, moyo hupiga mbio na akili huvurugika. Anaweza hata kufariki. Aliyeula apelekwe hospitalini mara moja pamoja na kipande cha mmea wenyewe, wala asilazimishwe kutapika.

Kwa hivyo, usiupande karibu na wanapochezea watoto, wala penye mifugo. Vaa glavu unapoupogoa na usijiguse macho. Majani yaliyokatwa yasiachwe kando ya barabara, ambako wafugaji hukata lishe ya ng'ombe na mbuzi.

Aidha, matawi yasitupwe mtoni. Mto Nairobi hupitia mitaa ya magharibi kabla ya kuingia katikati ya jiji, na kipande kidogo tu kikikwama ukingoni huweza kumea.

Ajabu ni kwamba spishi kadhaa za mmea huu zimeorodheshwa kimataifa kuwa zimetoweka porini huko kwao. Afrika Mashariki, kinyume chake, mmea huu umekwisha kutoroka bustanini na kuvamia kingo za vijito.