Safu ya Lugha: Chubwi

Anayeanza kuvua kule Sherikat, ng'ambo ya mashariki ya Nile, hakosi kukumbuka mshipi, ndoana na nyungunyungu. Asisahau chubwi. Ukiitamka vizuri unasikia kitu kikitumbukia majini, na ndiyo kazi yake: kipande cha risasi kinachofungwa juu kidogo ya ndoana ili chambo kizame. Bahr el Jebel, kama Nile inavyoitwa hapa Juba, hukimbia. Bila chubwi chambo huelea na kusombwa hadi kwenye matete, na kambare yuko chini topeni. Waashi nao huita chubwi uzito wa timazi. Neno zuri mno kuliacha life! Ukikosa risasi, funga nati kuukuu ya bodaboda. Nayo iite chubwi.