Mume na Mke katika Mfereji wa Dismal Swamp

Katika pwani ya mashariki ya Marekani iko njia ya maji iendayo sambamba na bahari, kutoka Norfolk katika Virginia hadi Miami katika Florida, mwendo upatao maili 1,000 na zaidi. Mito, hori na ghuba zimeunganishwa kwa mifereji, hata chombo kidogo huweza kusafiri mwendo huo pasipo kukabili mawimbi ya Atlantiki. Kila mwaka baridi ikaribiapo, watu wa kaskazini huishika njia hii kwa motaboti zao kwenda kutafuta jua la kusini. Wengi wao ni mume na mke waliokwisha kustaafu kazi. Mmoja hushika usukani, mwenziwe husoma ramani na kutunza kamba. Jua lichwapo hutia nanga wakala pamoja.

Kusini ya Norfolk njia hii hugawanyika. Tawi moja ni mfereji wa Dismal Swamp, wenye urefu wa maili 22, uliokatwa katikati ya kinamasi. Ulianza kuchimbwa mwaka 1793, ukapitika wote mwaka 1805. Waliouchimba kwa mikono, wakizama matopeni, walikuwa watumwa waliokodishwa. Na ujira wa jasho lao uliwaendea mabwana zao.

Miongoni mwa mabaharia wa mfereji huo alikuwamo mtumwa aliyeitwa Moses Grandy, ambaye habari za maisha yake zilipigwa chapa London mwaka 1843. Asimulia kwamba alikuwa ameoa kwa muda wa miezi minane tu. Siku moja, alipokuwa kazini penye mashua, alisikia kelele katika barabara ipitayo kando ya mfereji. Lilikuwa kundi la watumwa waliouzwa, na mkewe alikuwa mmoja wao: bwana wake alikuwa amehitaji fedha. Hakumwona tena. Baadaye Grandy alilipa bei ya uhuru wake mara tatu, kwani mabwana wawili waliipokea fedha kisha wakamhini.

Wasafiri wa leo hawana hatia ya mambo hayo. Lakini raha yao kubwa, kusafiri wawili katika chombo kimoja bila ya mtu kuwatenga, ndiyo iliyonyimwa baharia wa maji yale yale. Historia ya mfereji itajayo kina cha maji na malango yake, ikamwacha mke yule barabarani, haijatimia.