Kisanduku cha ndoana kilichofika Kangari: jinsi ya kutambua na kupanga vyambo vya bandia

Shemeji yangu anaishi Kangari, kule Murang'a kwenye mashamba ya chai. Marehemu babake alifanya kazi miaka mingi kwenye mashua za uvuvi wa kitalii Watamu, na alipostaafu alirudi nyumbani na kisanduku chake. Mwezi uliopita mtu alitaka kukinunua chote kwa shilingi 2,000. "Shemeji, wewe mtu wa bahari, niuze?" Nikamwambia asiuze kitu asichokijua jina. Nikapanda basi.

Tulikimwaga juu ya gunia kuukuu. Usitumie zulia, maana ndoana ya pembe tatu ikishika zulia utalikata zulia. Wala usitie mkono ndani. Tumia koleo, na watoto wakae mbali.

Anza na wale samaki wa bandia. Pwani kila mmoja wao tunamwita rapala, ingawa hilo ni jina la Lauri Rapala wa Finland, aliyechonga wa kwanza mwaka 1936. Mgeuze usome tumboni na kwenye ulimi wa plastiki, mara nyingi jina na ukubwa vimeandikwa hapo. Ulimi mrefu ulionyooka sambamba na mwili humzamisha chini sana. Ulimi mfupi uliosimama humweka karibu na uso wa maji. Asiye na ulimi, mwenye mdomo uliobonyea, ni wa kurusha maji juu juu, na kolekole humpenda. Rapala mpya mbili tatu tu zinakula zile shilingi 2,000, na marehemu alikuwa nazo kumi na moja.

Vijiko vya chuma kinachong'aa havina shida kuvitambua. Vile vyenye kichwa kigumu na sketi kama ya ngisi ni vya kurambaza. Hapo tazama kilichofungiwa ndoana: waya kwa kawaida ni wa nguru, kwa sababu ya meno yake, nailoni nene ni ya jodari na sulisuli.

Namba za ndoana huwachanganya wengi. Namba 14 ni ndogo kuliko namba 6, na 6 ni ndogo kuliko 1. Baada ya hapo huandikwa 1/0, 2/0 na kuendelea, na hapo namba ikipanda ndoana nayo inakua.

Chini kabisa tulipata kopo la nzi wa manyoya, na hapo umahiri wangu ukaisha. Jirani mmoja, mzee mchuma chai, ndiye aliyetusomesha. Hao ni wa trauti, samaki ambaye si wa asili huku. Ewart Grogan alimleta kutoka Scotland mwaka 1905 akatiwa mto Gura. Nzi mwenye manyoya magumu yaliyosimama shingoni huelea. Mwenye manyoya laini yaliyolala nyuma huzama kidogo. Aliyezungushiwa waya au kutiwa ushanga ni mfano wa buu, huenda chini. Kumbe marehemu alikuwa akishuka mtoni asubuhi, na nyumbani wakidhani anakwenda kutazama chai.

Kupanga ni kazi fupi. Vya chumvi vioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, vikauke kivulini. Ndoana iliyoliwa na kutu ibadilishe, usiipake mafuta ukajidanganya. Vyambo laini vya mpira vikae peke yake kwenye mfuko wake, kwani huyeyuka na kugandana na plastiki ngumu. Vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, tia kimoja kila chumba. Nzi usiwabane manyoya, na wakitoka mtoni wakauke kwanza kabla ya kufunika kopo.

Yule mnunuzi aliporudi alikuta kila kitu kina bei yake. Alichukua vijiko viwili na rapala moja, kwa zaidi ya alichotaka kutoa mwanzo. Kopo la nzi halikuwekwa mezani. Shemeji ananiuliza sasa leseni ya trauti inapatikana wapi.