Bunge la Kusimama (Kisangani)

Bunge la kusimama, au *parlement debout*, ni baraza la barabarani la kujadili siasa, aghalabu kando ya meza ya magazeti. Lilipata nguvu Kinshasa miaka ya 1990, mfumo wa chama kimoja ulipovunjika. Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo, watu hubishana kwa Kiswahili, Kilingala na Kifaransa, na waendesha toleka, baiskeli za kubeba abiria, ni wasemaji hodari. Habari nyingi hutoka redioni, hasa Radio Okapi, iliyoanza 2002.

Umeme hauishi mdomoni: mitambo ya bwawa la Tshopo, lililojengwa enzi za ukoloni, imechakaa, na mji ulio karibu na maporomoko hukaa gizani. Lakini jambo linalochoma zaidi ni Vita vya Siku Sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mitaa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliitaka Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita. FRIVAO, mfuko wa kugawa fidia hiyo, una makao Kisangani. Nani ameandikwa kwenye orodha, na nani ameachwa? Waliozika watoto wao wanastahili jibu.