Beberu wa Meru na Swali la Mbegu

Huko Maua, mji wa Igembe katika Meru, miraa haipandwi kwa mbegu. Mkulima wa Igembe akiutamani mti wa jirani huomba chipukizi lililochomoza chini ya shina lake, akaliotesha kwake. Hapo anakuwa amehamisha mti ule ule, na jeni zake zote, hadi shamba la pili. Miti mikongwe ya milima ya Nyambene huitwa mbaine, kwa jina la rika la Mbaine, na miraa yake hutafutwa kwa bei ya juu. Utamu wa miraa hiyo unatoka wapi? Katika mti wenyewe, umri wake, udongo au mkono wa mwenye shamba? Kwa miraa swali hili linajibika. Chukua machipukizi kumi ya mama mmoja, uyapande katika mashamba kumi. Tofauti itakayoonekana haiwezi kutokana na jeni, kwa kuwa zote ni zile zile. Itatokana na shamba.

Mbuzi hana chipukizi. Beberu humpa mwanawe nusu ya jeni zake, kila mwana nusu yake tofauti, na mama hutoa nusu ya pili. Mchanganyiko uliomfanya baba awe mnyama wa kuvutia huvunjwa na kupangwa upya katika kila mimba. Ndiyo maana mbuzi mwenye sifa sokoni anaweza kuzaa watoto wa kawaida kabisa, na aliyemnunua akadhani amedanganywa.

Fumbo hili liliwasumbua wataalamu kabla ya kufika Meru. Mwaka 1886 Francis Galton, Mwingereza, alilinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao. Aliona kuwa watoto wa wazazi warefu huwa warefu kuliko watu wengi, lakini kwa wastani hawawafikii wazazi wao. Mwaka 1918 Ronald Fisher alionyesha kwa hesabu jinsi jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, zinavyoweza kuzaa tofauti zisizo na mipaka kama za urefu au maziwa. Kisha Jay Lush wa Iowa, Marekani, akaileta hesabu hiyo zizini. Kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu uzalishaji wa mifugo kiliwafundisha wafugaji kutenga mambo mawili ambayo jicho huyaona kama kitu kimoja: mnyama alivyo, na kile anachoweza kukirithisha.

Hicho cha pili ndicho thamani ya mbegu ya mnyama. Haipimwi kwa kumtazama. Inasomwa kwa watoto wake: chukua mabinti wengi wa beberu mmoja, waliozaliwa na majike mbalimbali, uone wamewazidi wenzao kwa kiasi gani, kisha zidisha tofauti hiyo kwa mbili, kwa kuwa nusu tu ndiyo iliyotoka kwake. Urithikaji nao ni sehemu ya tofauti zilizomo katika kundi zima inayotokana na thamani hizo za mbegu. Kwa maziwa ya mbuzi, makadirio mengi huangukia karibu na 0.3.

Tuseme kundi linatoa wastani wa lita 1.5 kwa siku. Umechagua majike wa lita 2.5, na mabeberu ambao mama zao na dada zao wanawaweka katika kiwango hicho hicho. Umepanda juu ya wastani kwa lita 1. Watoto hawatapanda kwa lita nzima. Kwa urithikaji wa 0.3 watapanda kwa lita 0.3, wafike 1.8. Zile lita 0.7 zilizobaki zilitokana na majani mazuri, zizi kavu, bahati, na miungano ya jeni isiyopita kwa pamoja kutoka mzazi hadi mtoto. Mfugaji asiyejua hili huvunjika moyo na kizazi cha kwanza. Anayelijua huona 0.3 kila kizazi kuwa mali.

Mwaka 1996 shirika la FARM-Africa lilianza mradi wa mbuzi wa maziwa Meru na Tharaka Nithi. Lilileta kutoka Uingereza mbuzi wa Toggenburg, mbari yenye asili ya Uswisi, rangi ya kahawia na michirizi myeupe usoni, ili wapandishwe na mbuzi wa kienyeji. Nchi ya Meru imemjua mbuzi tangu zamani kama mali ya mahari, ya faini na ya kumpokea mgeni, lakini maziwa yake yalikuwa ya kikombe. Vikundi vya wafugaji vilipewa beberu wa kituo, na vikundi vingine vikatunza Toggenburg halisi, beberu mmoja na majike wanne, ili mabeberu wapya wazaliwe humo humo wilayani. Baadaye wafugaji wenyewe wakaunda chama chao, Meru Goat Breeders' Association (MGBA), na kuandikisha mbuzi wao kwa ngazi za damu.

Kizazi cha kwanza cha machotara kilistaajabisha, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Sehemu ya nguvu ile ilikuwa thamani ya mbegu ya Toggenburg, na sehemu ilikuwa nguvu ya uchotara wenyewe, inayotokea damu mbili za mbali zinapokutana. Ya kwanza hurithika. Ya pili hupungua nusu machotara wakipandishwa wao kwa wao. Mfugaji aliyempenda beberu chotara mnene wa jirani, akaacha kwenda kituoni, alikuwa akiuchukua mwili wa beberu kuwa ndiyo mbegu yake. Simlaumu. Hakuna jicho linaloweza kuzitenganisha hizo mbili, na hata mimi nikisimama mbele ya beberu aliyenona, mkono unanivuta mfukoni.

Kuna kosa la upande wa pili, la kudhani 0.3 ni namba ya mbuzi popote aendapo. Urithikaji ni wa kundi fulani mahali fulani. Katika miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi Embu walieneza kaliandra, mti wa malisho unaopandwa kwenye matuta na mipaka ya shamba, na kuonyesha kuwa kilo 3 za majani yake mabichi zinaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Boma lenye kaliandra na boma la mabua matupu yakiwekwa katika hesabu moja, tofauti za lishe huwa kubwa mno hata zile za mbegu zikafunikwa, na urithikaji ukashuka ingawa jeni ni zile zile. Wote wakilisha vizuri, mbegu huanza kuonekana. Kwa hiyo siwaelewi wanaobishana kama mradi wa mbuzi uanze na majani au na beberu. Majani ndiyo yanayomfanya beberu asomeke.

Tena kusoma huko kunachukua muda. Jike hubeba mimba miezi mitano. Binti akizaliwa, hupandishwa akiwa na mwaka mmoja au zaidi kidogo, abebe naye, azae, ndipo akamuliwe. Tangu beberu apande hadi binti yake akamuliwe ni karibu miaka miwili. Lakini beberu hawezi kukaa kituo kimoja muda huo wote, la sivyo atawapanda mabinti zake mwenyewe, kwa hiyo huhamishwa. Siku kijiji cha kwanza kinapojua alikuwa beberu wa namna gani, yeye yuko kijiji kingine, ng'ambo ya mto, akipanda majike ambao wenye nao hawana habari hizo. Kinachoweza kumfuata ni daftari tu, lenye tarehe, namba ya sikio na lita zilizopimwa asubuhi na jioni kwa mkono wa mama mwenye zizi. Likifika kabla hajachinjwa, aliye mzuri anaweza kurudishwa.