Linux na Mtihani wa Mashine Ngeni

Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipoutangaza mfumo wake wa kuendesha kompyuta mnamo Agosti 1991, alikiri kwamba haukuweza kuhamishwa: ulifungamana na kichakata cha Intel 80386. Januari 1992 Profesa Andrew Tanenbaum aliulaumu kwa sababu hiyo, na katika hilo hakukosea. Hata hivyo, kilichouhamisha mfumo huo ni mashine, wala si hoja. Mwaka 1994 Jon Hall, mtumishi wa kampuni ya Digital, alimpatia Torvalds kompyuta ya Alpha, ambayo anwani zake za kumbukumbu zilikuwa za biti 64, ilhali zile za Intel zilikuwa za biti 32. Popote msimbo ulipodhania kuwa anwani hutosha katika nafasi ya namba ya kawaida, dhana hiyo ilifichuka. (Ndivyo msomaji wa lahaja nyingine anavyokwazwa na yale ambayo mwandishi hakuona haja ya kuyaeleza.) Ikabidi sehemu zitegemeazo mashine zitengwe na zile za jumla. Tangu 1992 leseni ya GPL ilikwisha kumruhusu kila mwenye mashine yake kuujenga mfumo, kuujaribu na kurudisha masahihisho. Hivyo toleo la 1.2, la Machi 1995, lilikubali Alpha, MIPS na SPARC; na tasnifu ya uzamili ya Torvalds, ya 1997, ilihusu uhamishaji huo huo.